Kaseti ya "Nitawaambia"

Nyathira wa Danson hakujua muziki, na hakuwahi kudai kwamba anaujua. Alipokuwa shule ya upili aliondolewa kwenye kwaya kwa sababu aliimba kama mtu anayeita ng'ombe, na kisa hicho alikisimulia mwenyewe mbele ya wageni huku akicheka. Kwa hivyo watu wa Silibwet walipoanza kumwita mwenye studio, yeye ndiye aliyeshangaa kuliko wote. Alichokuwa nacho ni posho mill ya kusagia mahindi, duka la kaseti lililobanwa ubavuni mwa posho mill hiyo, na masikio yake mawili. Masikio hayo yalimfikisha pazuri, kisha yakamponza.

Babake, mzee Danson, alikuja kutoka Nyeri miaka ya sitini akiwa na baiskeli na marobota mawili ya blanketi. Akauza blanketi, akauza mafuta ya taa, akanunua mashine ya kusaga, akajenga. Nyathira alizaliwa nyuma ya mashine ile, na kabla hajajua Kikuyu vizuri alikuwa tayari anabishana kwa Kikipsigis na akina mama waliojaribu kupita foleni. Alijua kusalimia wazee inavyotakiwa. Alikunywa mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni, kuliko watoto wenyewe wa boma. Ukimfunga mtu macho umsikilizishe Nyathira akiongea, angekuambia huyu ni binti wa Kipsigis wa Bureti aliyelelewa na nyanya mkali.

Lakini mwaka wa tisini na mbili, uchaguzi ulipokaribia na maneno yakaanza kuchacha, vijana wasiojulikana na mtu walishuka barabarani wakiuliza nyumba za wageni ni zipi. Jirani yao mzee Kimeli, mkulima wa chai mwenye maneno machache kama mtu anayelipia kila neno, alibeba kiti chake kutoka nyumbani, akakiweka kwenye mlango wa posho mill, akakikalia siku tatu na upinde mapajani. Vijana walipofika aliwaambia kwamba hapa hakuna wageni, hawa ni watu wake. Wakapita. Danson alikufa miaka miwili baadaye, kitandani mwake, kwa ugonjwa wake mwenyewe, na Kimeli alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi.

Nyathira hakulisahau jambo lile. Alimpenda Kimeli kama baba wa pili. Ila kulikuwa na kitu kilichomkereketa ambacho hakumwambia mtu: ilihitajika mtu aseme. Miaka yote ile, na Kikipsigis chake chote kile, bado ilihitajika mwenye kiti na upinde aseme kwamba huyu ni wetu. Alitamani siku moja aonekane mtu wa Silibwet bila mtu kumsemea. Hilo ndilo alilotafuta maishani, na akadhani amelipata kwenye muziki.

Mambo yenyewe yalianzia kwenye foleni. Injini ya posho mill ilikuwa kuukuu na ilikuwa na kigugumizi: ilipiga mapigo matatu, ikaruka moja, ikapiga tena matatu. Fundi alikuwa ameshindwa kuitibu. Watoto waliotumwa na madebe ya mahindi walizoea kusimama pale wakichezesha mabega, na mmoja wao, Kipkirui, kitindamimba wa mzee Kimeli, alianza kutupia maneno kwenye ile nafasi ya pigo lililoruka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na sauti nyembamba yenye makali. Binamu zake wa Nakuru walikuwa wamemletea kaseti za rapu za Wamarekani, na ingawa hakuelewa hata neno moja, alikuwa ameelewa kazi yenyewe.

*Foleni hii ndefu kama mkia wa nyani,*
*Mwenye debe kubwa anapita, sisi tuko nyuma ya nani?*

Akina mama walicheka mpaka unga ukamwagika. Nyathira hakucheka. Alizima redio iliyokuwa ikilia dukani, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia mtoto arudie.

Aliyemsaidia kurekodi alikuwa Okello, fundi umeme aliyeachishwa kazi katika kiwanda kimoja cha majani chai na sasa akitengeneza redio kwenye veranda ya duka. Okello alikuwa na mikono ya dhahabu na mdomo usiopumzika. Alinasa mlio wa injini kwenye kaseti, akaukata na kuuunga ukawa mdundo usiokwisha. Stoo ya nyuma waliipanga magunia ya mahindi kuanzia sakafu hadi dari, kuta zote nne, ikawa pango lisilo na mwangwi. Mtu akiongea mle ndani sauti ilitoka kavu na karibu, kama anayekunong'oneza sikioni. Msimu wa mahindi kuuzwa studio ilikonda, na wakati wa mavuno ikanenepa tena. Okello alikuwa akisema anaweza kukuambia wimbo ulirekodiwa mwezi gani kwa kusikia tu unene wa magunia, na nusu ya hayo ilikuwa chumvi.

Waliipa kampuni jina la Mashina Rekodi, kwa sababu ya mashina ya chai ambayo hukatwa hadi chini na kuchipua tena. Kipkirui akaitwa MC Weri, yaani yule kijana mdogo. Kaseti ya kwanza, "Foleni", ilitoka mwaka wa tisini na tano, na kabla ya Krismasi ilikuwa imefika Roret, imefika Litein, imepanda hadi Kimulot kwenye ukungu wa msitu wa Mau. Wachumaji chai waliiweka kwenye redio ndogo walizoning'iniza kiunoni na kuchuma kwa mapigo matatu na kuruka moja. Karani mmoja wa kituo cha kununua majani, ambaye Kipkirui alikuwa amemsema kwamba hukataa majani kwa kutumia pua, alikuja mwenyewe dukani kununua, akataka aandikiwe jina lake juu ya kava.

Kisha wakaja wengine. Wakaja Mokeira na Dorcus, wasichana wawili wa kambi ya shamba kubwa la chai, waliorapu kwa zamu bila kupumua. Wakaja vijana wa Sotik waliovaa suruali zinazofagia barabara. Jumamosi veranda ilijaa, na mtu akiuliza njia ya kwenda hospitalini alielekezwa kwa kuambiwa ukifika kwa Mashina pinda kushoto. Nyathira alisikia maelekezo hayo siku moja akiwa ndani ya duka, na moyo ukamjaa. Hawakusema kwa yule Mkikuyu. Hawakusema hata kwa Danson. Alisimama pale na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi, akahisi machozi, akajitukana kwa ujinga wake.

Miaka miwili ilipita hivyo, na ilikuwa miaka mizuri. Ndipo ikaja Novemba ya tisini na saba.

Kipkirui alikuwa ametimiza miaka kumi na sita, na Desemba ile angekwenda na wenzake kupashwa tohara na kukaa katika menjo, kile kibanda cha faraghani kando ya msitu ambako vijana wa Kipsigis hufundishwa na kutoka wakiwa wanaume. Nyathira alilijua jambo hilo kama anavyolijua mtu aliyekulia mlango wa pili. Alijua mama anavyotayarisha kibuyu cha mursik, alijua nyimbo za akina mama, alijua siku ya kutoka watu hula na kucheza. Kila Desemba alikuwa ameshona nguo ya kwendea sherehe kwa jirani huyu au yule. Kwake lilikuwa jambo la furaha lenye mwezi mmoja wa kimya katikati. Ule mwezi wenyewe hakuwahi kuufikiria, kwa sababu hakuna mwanamke aliyewahi kuuzungumza mbele yake.

Wiki ya mwisho kabla hajaondoka, Kipkirui alirekodi kaseti ya pili. Alikuwa amejaa majigambo ya umri ule, na wimbo wa mwisho aliuandika papo hapo, akikaa juu ya gunia:

*Naenda msituni, mama, usinililie,*
*Nikirudi jioni njoo unisikie,*
*Yale yote ya huko nitawaambia,*
*Hata kuku wa jirani atayasikia.*

Okello alisema huo ndio wimbo. Nyathira naye alisema huo ndio wimbo, na akaipa kaseti nzima jina hilo, "Nitawaambia". Alimwita Chepngetich, mamake Kipkirui na rafiki yake wa miaka mingi, akamsikilizisha stooni. Chepngetich alicheka kwenye mstari wa kuku, kisha akaacha kucheka. Aliuliza kama baba mtoto ameusikia. Nyathira akasema hapana, ni zawadi ya kumshtukizia mzee siku ya sherehe. Chepngetich akafunga leso yake kichwani upya, ingawa haikuwa imelegea, akasema ana ng'ombe wa kukama.

Mtu mwingine angeuliza maswali. Nyathira alikuwa na haraka ya kuchapisha kava, na ninamlaumu kwa hilo ingawa nampenda.

Desemba ile mvua ya El Nino ilikuwa imegeuza nchi kuwa uji. Uchaguzi ulikuwa umekaribia tena, kila pikapu ilikuwa na kipaza sauti, na Nyathira akaona naye akodishe moja itangaze kaseti. Okello aliendesha. Alizunguka soko la Silibwet, akaenda Bomet mjini, kisha akataka kufika Kimulot kwa kupitia njia ya mkato iliyopakana na msitu. Adhuhuri gari likazama kwenye matope mpaka kwenye ekseli.

Hapa ndipo mtu anaweza kucheka au kulia, achague mwenyewe. Katika nchi ile gari likikwama huhitaji kuita mtu. Watu hutokea kwenye michai kwa wingi, wakasukuma, wakakutania, wakaondoka. Okello alingoja. Hakutokea mtu. Hakutokea kwa sababu kila mtu wa eneo lile alijua kwamba mwezi ule wa menjo ukingo ule wa msitu haupitiwi, isipokuwa Okello wa Kisumu, ambaye hakuna aliyefikiria kumwambia. Basi akafanya alichoona ni busara: akaongeza sauti, ili watu wasikie kwamba kuna gari lililokwama. Walipochelewa akaongeza tena. Tangu adhuhuri hadi saa kumi, sauti ya Kipkirui ya utotoni ilipanda mlima ule ikiahidi kwamba yote ya huko itayasema.

Saa kumi walitokea wanaume wawili kutoka msituni. Hawakumsalimia. Mmoja alinyoosha mkono ndani ya gari akazima redio. Kisha wakasukuma, pikapu ikatoka, nao wakarudi walikotoka. Okello, mtu wa maneno mengi, aliendesha hadi Silibwet bila kufungua mdomo, na alipofika alimwambia Nyathira kwamba anadhani leo wameharibu kitu.

Kesho yake mchana mzee Kimeli alikuja. Kwa kawaida aliingia dukani bila kubisha, akavuta stuli, akapewa chai. Siku hiyo alisimama nje ya veranda, mvua ikimnyea kofia. Nyathira akatoka akamwambia karibu, baba. Hakukaribia.

"Nyathira," alisema, "nimekuja kukuambia kitu, na hiyo kitu siwezi kukuambia."

Nyathira alisema anajua ni habari ya gari, akaomba msamaha, akaomba tena kwa Kikipsigis. Akasema yuko tayari kutoa kondoo, kutoa ng'ombe, chochote cha kusafisha jambo kikitakiwa. Ila aambiwe ni nini hasa amevunja, ndipo ajue kukiunganisha.

"Kondoo nimeshatoa yangu," Kimeli akasema. "Na kukuambia, wewe ni mama. Hata Chepngetich siwezi kumwambia, na nimeishi na yeye miaka thelathini."

Akageuka akaenda. Nyathira alibaki pale verandani. Angetukanwa angejitetea. Angefukuzwa angelia, akajua analia kwa nini. Lakini kusimama hapo ukiambiwa umekosa, na kosa lenyewe likiwa nyuma ya ukuta ambao huna mlango wake, hilo lilimkata maini. Alijua kwa mara ya kwanza kwamba kuna chumba kizima cha nchi hii ambacho hajawahi kukanyaga, na kwamba hatakikanyaga hata aishi miaka mia.

Alikusanya kaseti zote za "Nitawaambia" zilizokuwa dukani, akazifungia kwenye kabati. Alituma ujumbe Roret na Kimulot zile za huko zirudishwe. Zilirudi kabla ujumbe haujafika. Wenye maduka walikuwa wamezifunga vizuri kwa kamba, bila barua, pamoja na zile za zamani za "Foleni". Hakuna aliyemtolea ukali. Watu walisaga mahindi yao kama kawaida, wakamsalimia vizuri, vizuri mno, kama unavyomsalimia mtu uliyemkuta safarini. Veranda ya Jumamosi ilibaki na Okello peke yake, na mwaka ulipoisha Okello naye akakunja waya zake, akasema anakwenda Kisumu kumwona mamake. Nyathira hakumwuliza atarudi lini.

Uchaguzi ulipita. Siku ya vijana kutoka menjo ikafika, wiki ya kwanza ya Januari, na mvua ikaacha kwa saa chache kama iliyolipwa. Nyathira aliogopa kwenda, lakini Chepngetich alimtumia ujumbe kwamba aje, wasimame pamoja. Walisimama kwenye mstari wa akina mama, Chepngetich ameshika kibuyu cha mursik kilichopakwa mafuta mpaka kinang'aa. Vijana walitoka mmoja mmoja, wakubwa, wanyamavu, na kila mama aliyemwona wake alipiga vigelegele. Walitoka kumi na wanne. Kipkirui alikuwa wa kumi na tano, na hakutoka.

Mzee Kimeli alikuwa upande wa wanaume, akitazama mbele. Chepngetich alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Kuuliza hakuruhusiwa, na hakuuliza. Mzee mmoja alipita karibu nao akasema, bila kusimama, kwamba kijana yuko salama ila bado, ataanza tena na mwezi mwingine. Kisha wimbo ukaanzishwa na watu wakacheza.

Chepngetich alirudi nyumbani na kibuyu kikiwa kimejaa. Nyathira alitembea kando yake kilomita mbili zile, akitafuta neno. Alisema hatimaye, kwa sauti ndogo, kwamba ni yeye amemfanyia kijana hivi.

"Ni wewe," Chepngetich akasema. "Na ni mimi. Nilisikia ule wimbo nikanyamaza."

Walipofika kwenye njia panda kila mmoja alishika yake.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Habari zilikuja kwamba katika wilaya nyingine za Bonde la Ufa watu walikuwa wameanza kuchomeana nyumba tena. Hapa kwao kulikuwa kimya, lakini ni kile kimya ambacho watu hufunga virago vyao ndani yake. Familia mbili za Nyeri zilizokuwa na duka la nguo zilipakia lori mchana kweupe. Kakake Nyathira, Steve, alikuja kutoka Nakuru na kumwambia afunge aende, mara hii hakuna kiti mlangoni. Nyathira alijibu kwamba atangoja. Steve alimwuliza anangoja nini. Jibu lilikuwa la aibu: alikuwa akingoja kuona kama mzee Kimeli angali anamhesabu kuwa wake. Alijilaza kila siku na kuamka kila siku na swali hilo moja. Aliona haya kwamba alikuwa amelidharau neno la mzee yule lilipokuwepo, na sasa angetoa studio nzima ili alisikie mara moja tena.

Katikati ya Februari, alasiri moja ya mvua, Kipkirui aliingia dukani.

Nyathira hakumtambua mara moja. Alikuwa amerefuka, au pengine alikuwa tu anasimama tofauti. Alishika fimbo. Sauti yake ilikuwa imeshuka chini, na alimsalimia kama mwanaume anavyomsalimia mama mwenye heshima, bila utani. Nyathira alikaribia kumwita Weri, akajizuia neno likiwa tayari kwenye ulimi. Alimwita arap Kimeli, mwana wa Kimeli, kama anavyoitwa mwanaume kamili. Kijana akaitikia kwa kichwa.

Alisema amekuja kwa ajili ya kaseti mama, ile iliyotolewa nakala zote. Nyathira alipiga magoti mbele ya kabati, akaitoa, akamkabidhi kwa mikono miwili, na kwa nukta moja ya upumbavu akadhani anaitaka ili aendelee na kazi. Kijana hakuipokea.

"Ifute," akasema.

Alieleza kidogo tu. Wazee hawawezi kuzifuata zilizoko kwa watu. Lakini hii wanaweza, na ifutwe na mkono ulioitengeneza, naye aone.

Nyathira alielewa alichoombwa. Pasipo ile kaseti hakukuwa na Mashina Rekodi. Pande zote mbili zilikuwa na kila kitu alichowahi kukirekodi vizuri: "Foleni" upande wa pili, "Nitawaambia" wa kwanza. Angeweza kusema ni mali yake. Angeweza kusema amekwisha kuadhibiwa. Alifikiria kusema hivyo, nami sitamficha. Kisha akawasha taa ya stoo.

Magunia yalikuwa yamepungua, na kwa kuta zile nyembamba mvua ilisikika juu ya mabati. Nyathira hakuzoea mitambo, hiyo ilikuwa kazi ya Okello, lakini kufuta alijua: unarekodi juu yake pasipo kitu. Aliingiza kaseti, akabonyeza, gurudumu likaanza kuzunguka. Dakika arobaini na tano kila upande. Wakakaa kwenye magunia, wakitazamana na mashine. Alitaka kumwuliza kama walimuumiza. Alitaka kumwuliza alikula nini huko miezi miwili, alilala wapi, alimlaani mara ngapi. Kijana alikohoa mara moja. Wakangoja mpaka kitufe kiliporuka chenyewe.

Akairudisha nyuma kidogo kuhakikisha, akaicheza. Hakikuwa kimya kilichosikika. Ilikuwa mvua, na pumzi za watu wawili, na kikohozi cha mwanaume. Nyathira alishika kichwa; alikuwa amesahau kuchomoa maikrofoni. Akasema pole, nitairudia, akanyoosha mkono kwenye kitufe.

"Acha," kijana akasema. "Hiyo haina mtoto ndani."

Akasimama kuondoka, kwa sababu ng'ombe walikuwa wakimngoja na upande wa pili alisema anamwamini. Hapo mlangoni Nyathira alishindwa kujizuia. Alimwambia hataki tena kujua alichovunja, hilo ameacha. Anataka kujua jambo moja tu, na amwulizie babake kama yeye halijui: baada ya haya yote, yeye Nyathira ni mtu wa hapa ama ni mgeni.

Kijana alifikiri, akitazama tope la barabarani.

"Baba alisema utauliza," akajibu. "Amesema ungekuwa mgeni, hangekasirika. Wageni tunawasamehe siku hiyo hiyo."

Akashuka ngazi za veranda na kuvuka barabara, akipita kando ya madimbwi kama mtu asiyetaka kuchafua viatu, yeye ambaye juzi tu alikuwa akiyaruka kwa miguu yote miwili. Nyathira alimtazama mpaka akapotea kwenye michai. Alilia, kwa furaha au kwa uchungu, hakuweza kutenganisha, na hakuwa na mtu wa kumficha.

Kisha akarudi stooni. Upande wa pili ulikuwa bado na sauti ya yule mtoto, tangu wimbo wa kwanza kabisa, na hakukuwa na mtu wa kumzuia kuusikiliza mara moja ya mwisho. Akaigeuza kaseti. Akachomoa maikrofoni, akaangalia mara mbili kwamba imechomoka, akabonyeza kitufe cha kurekodi, na akakaa pale mpaka ukaisha.